Sura ya Saba: Damu Yenye Jina la Makori

"Saa kumi jioni," Daktari Ombui alisema. "Ikipita hapo, Inspekta, unaweza kumleta huyo mtu kwangu au kumpeleka kortini. Kwangu itakuwa mamoja."

Inspekta Ogada aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa bado umeukalia mji wa Kisii, na kutoka sokoni zilisikika kelele za wanawake wakishusha ndizi.

"Nieleze tena," Ogada alisema. "Polepole. Mimi si daktari."

Ombui alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mfupi, macho mekundu, shati lile lile la jana.

"Jumatatu nililetewa kijana, Makori Omosa. Miaka ishirini na miwili, mchuma chai wa Ekerenyo. Utumbo ulikuwa umejisokota, kipande kimeoza. Nikakikata, nikaziunga ncha mbili. Kuunga si kazi. Kazi ni siku zinazofuata, kiungo kinapoamua kushika au kuachia. Kikiachia, uchafu unamwagika tumboni na mtu anakufa."

"Kimeachia?"

"Kinavuja. Kidogo, lakini kinavuja. Sasa sikiliza. Hapa tuna utafiti, na una vibali vyote. Tunachota damu ya mgonjwa, chupa nne ndogo, tunaizungusha kwenye mashine. Nyekundu inazama. Juu yanabaki maji ya manjano yenye zile chembe za kugandisha damu na kuita nyama mpya. Tunayafanya mazito kama ute wa yai, tunapaka juu ya kiungo ili kipone haraka. Sharti ni moja tu."

"Iwe damu yake."

"Iwe damu yake mwenyewe. Ndiyo maana hatuipimi magonjwa. Mtu atajiambukiza nini mwenyewe?" Alilisukuma daftari mezani. "Huyu karani wangu, Tryphosa, huweka tone moja la kila chupa kwenye kadi, aandike kundi. Jana jioni akawa anajumlisha hesabu za mwezi. Makori ni kundi O, tumempima mara mbili. Chupa zenye jina la Makori ni kundi B."

"Chupa ziko wapi?"

"Zilichomwa Jumanne pamoja na takataka."

"Na hiyo kadi?"

"Tone limechanganyika na dawa ya kupimia, limekauka. Halifai tena kwa lolote." Ombui aliinamisha kichwa. "Nimempaka kijana damu ya mtu nisiyemjua, ndani kabisa. Kama huyo mtu ana virusi vya UKIMWI, kinga lazima ianze kabla ya saa sabini na mbili. Nilipaka Jumatatu saa kumi."

"Mpe kinga basi. Unangoja nini?"

"Dawa moja inakula figo. Figo za Makori tangu jana zinatoa mkojo wa kujaza kizibo. Nyingine inakula damu, na damu amebaki na nusu ya mtu. Nikimpa kwa kubahatisha naweza kumuua kwa sababu ya ugonjwa asiokuwa nao. Nisipompa, huenda nimemuua tayari. Niletee mtu, Inspekta. Kumpima ni dakika ishirini. Mimi sitaki mtu afungwe."

"Mimi ndiyo kazi yangu, kufunga watu," Ogada alisema, akisimama. "Lakini nimekusikia."

* * *

Aliyechota damu alikuwa fundi wa maabara aitwaye Anyona, na Anyona alikuwa amelala seli tangu usiku. Walimtoa akiwa hana mshipi wala kamba za viatu. Konstebo Gentrix alikaa kando na kalamu.

"Damu hiyo ni ya nani?" Ogada aliuliza.

"Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa ni O."

"Basi mashine imekosea."

"Mashine haikushika sindano. Wewe ndiye uliyeishika. Ulikunja mkono wa nani?"

Anyona alitazama sakafu. Alikuwa kijana wa kanisani, shati limefungwa kifungo hadi shingoni hata baada ya kulala kwenye saruji.

"Andika unavyotaka, afande. Mimi nitatia sahihi."

"Sitaki sahihi yako. Ulilipwa?"

"Hapana." Hapo alijibu haraka, na kwa hasira.

"Basi ulitishwa."

"Hapana."

"Hukulipwa, hukutishwa. Uliombwa." Ogada alivuta kiti karibu. "Mtu alikuomba ukashindwa kumkatalia. Anyona, yule kijana anakufa. Si kwa maneno. Anakufa leo, na wewe unakaa hapa kulinda siri."

"Damu ya mzazi haiwezi kumdhuru mtoto," Anyona alisema.

Gentrix aliinua kichwa. Ogada hakujitingisha.

"Mzazi?"

Anyona alifumba macho. Hakufungua tena mdomo wala macho, hata Ogada alipopiga meza mpaka kalamu ikaanguka.

* * *

Makori alikuwa wodi ya mahututi, mrija puani, mrija mkononi, mrija mwingine ukitoka tumboni na kudondosha kitu cha kahawia kwenye mfuko. Alikuwa na homa. Nesi Apiyo, aliyekuwa na wiki tatu tu tangu ahamie kutoka Homa Bay, alimpangusa midomo kwa pamba yenye maji.

"Dakika moja, afande," alisema. "Akili inakuja na kwenda."

Ogada aliinama. "Makori. Jumatatu, kabla ya upasuaji, Anyona alikuja na chupa. Alichota damu kwa nani?"

Kijana alifungua macho. Yalimtazama Ogada yakampita.

"Damu, Makori. Nani alitoa?"

"Baba," kijana alisema.

"Nani?"

"Baba. Baba... alikunja mkono." Akafumba macho, akarudi huko alikokuwa.

Watatu hao wakatazamana pale juu ya kitanda, Ogada wa Siaya, Gentrix wa Busia, na Apiyo wa Homa Bay. Wote walikuwa wamesikia. Gentrix akaandika, akapigia mstari.

Ogada akatoka barazani na kumpigia Ombui. "Mgonjwa amesema ni babake."

"Babake?" Daktari alishangaa. "Sijamwona babake hapa. Lakini mtafute. Mtafute mbio."

* * *

Mamake alikuwa kwenye benchi la nje, pale alipokuwa tangu Jumatatu. Drusilla aliketi wima, kibeti kwenye mapaja. Jua lilikuwa limeanza kuingia barazani na watu walikuwa wamevua makoti, lakini yeye alikuwa na sweta nzito ya kijivu, mikono imevutwa mpaka vidoleni.

"Mama Makori, pole kwa mgonjwa."

"Asante, afande. Amesema kitu?"

"Amesema kidogo. Nataka kukuuliza. Babake yuko wapi?"

Mwanamke alimtazama. Alimtazama kwa muda ambao Ogada angeukumbuka baadaye, lakini wakati huo aliuchukulia kuwa wa mke aliyeachwa.

"Josiah Omosa," alisema mwishowe. "Yuko Kenyenya. Alioa huko. Ukifika sokoni uliza mtu wa ng'ombe wa maziwa."

"Alikuja hapa Jumatatu?"

"Watu wanakuja, wanaenda. Mimi nilikuwa nalia."

Simu yake ikalia ndani ya kibeti, mlio wa kengele, si wa mtu anayepiga. Ilikuwa saa tatu kamili. Aliizima bila kuitazama, akafungua fundo la leso, akatia kidonge mdomoni, akakimeza na maji ya chupa. Alishika chupa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akaubana ubavuni.

"Presha," alisema, kwa kuwa Ogada alikuwa anatazama.

"Meza dawa, mama. Usije ukawa mgonjwa wa pili."

Akamwacha pale. Dakika tano baadaye gari la polisi lilikuwa linateremka kuelekea barabara ya Kenyenya, Gentrix kwenye usukani.

* * *

Mvua ilikuwa imenyesha upande huo. Lori la miwa lilikuwa limelala likikingama barabara mlimani, na walikaa nyuma yake saa nzima na dakika kumi huku watu wakishauriana zaidi kuliko kulisukuma. Ogada alishuka, akasukuma, akarudi na matope mpaka magotini.

"Bosi, umekuwa mweusi zaidi," Gentrix alisema.

"Endesha."

"Nilidhani haiwezekani."

"Gentrix, saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo." Akaacha kutabasamu.

Saa sita na nusu walimpata Josiah Omosa nyuma ya nyumba yake akikatakata majani ya ng'ombe. Alikuwa mwanamume mkubwa, wa makamo, aliyesimama na panga mkononi kama aliyesahau kwamba ni panga.

"Bwakire," alisalimu. Kisha akaona magwanda ya Gentrix. "Kuna nini?"

"Mwanao Makori yuko hospitali, amepasuliwa."

Panga lilianguka. Hakuna aliyeweza kuigiza uso ule, na Ogada alikuwa ameona waigizaji wengi. Mtu huyu hakuwa na habari.

Lakini aliuliza, kwa kuwa ndiyo kazi. "Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Hapa. Ng'ombe alizaa vibaya, daktari wa mifugo alikuwa hapa kutwa. Muulize. Makori ana nini? Nani alimpasua?"

"Ulitoa damu?"

"Mimi hutoa kanisani, kila mwaka." Alitoa pochi, akatoa kadi iliyochakaa. "Wanahitaji? Twende sasa hivi. Chukueni yote."

Ogada alisoma kadi. Kundi O.

Akaisoma tena, kana kwamba herufi ingebadilika akiikazia macho. Kilomita zote zile, lori, matope, saa tatu na nusu zimekwisha, na mbele yake palisimama mtu asiyefaa. Alirudisha kadi.

"Si wewe," alisema.

"Si mimi nini?"

Ndipo msichana wa miaka kumi hivi akatoka mbio kwenye migomba, ndoo kichwani, akiita, "Baba! Baba!"

Josiah hakugeuka.

"Mtoto anakuita," Ogada alisema, kwa uchovu tu.

"Haniiti mimi."

"Baba!" msichana aliita tena. Na kutoka jikoni mwanamke akaitikia, akatokea mlangoni akijifuta mikono, akaenda kumtua ndoo.

Ogada alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Amemwita nani?"

"Mamake." Josiah alimtazama, na hata kwenye hofu yake sauti iliingiwa na kitu kama huruma. "Afande, wewe si wa huku. Kwetu baba ni mama. Mimi ni tata."

Gentrix alifungua daftari, akatazama neno alilolipigia mstari, akalifunga.

"Miezi minne," Ogada alisema. "Miezi minne niko Kisii, na nyumbani kwangu muuza maziwa ananisalimia kwa Kikisii kila siku." Na ni yeye Ogada aliyelitafsiri lile neno. Angemwambia Ombui neno lenyewe, kama lilivyotoka kinywani mwa kijana, Ombui wa Nyamira angecheka na kumwonyesha benchi. Badala yake alimwambia *babake*.

Alikuwa tayari ameshika simu. "Apiyo. Mama yule wa benchi. Mshike hapo hapo."

"Hayupo, afande. Aliondoka mara tu mlipoondoka ninyi. Amesema anaenda kuleta nguo safi."

"Ekerenyo?"

"Hakusema. Lakini nilimwona dirishani akipanda boda boda, nayo ikashika njia ya Keumbu. Si njia ya Ekerenyo."

Ogada akamgeukia Josiah. "Mkeo wa kwanza. Anaweza kwenda wapi akishika njia ya Keumbu?"

Uso wa Josiah ukajifunga. Akaokota panga, akalitia kwenye gogo.

"Birongo," alisema.

"Ana nani Birongo?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Hana ndugu Birongo, hana shamba, hana soko. Lakini kila miezi mitatu alikuwa anaenda. Anatoka alfajiri, anarudi jioni, anasema ni mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikauliza kanisani. Hakuna mkutano." Alitema mate kando. "Nikamwachia huyo mwanamume wake wa Birongo. Ndiyo unaniona hapa."

Kila miezi mitatu. Ogada aliyapanga kichwani, moja juu ya jingine, kama matofali. Kengele ya simu saa tatu kamili. Kidonge kwenye fundo la leso. Sweta juani, mkono wa kulia umebanwa ubavuni. Safari ya mbali, kwenye kilima ambako hakuna wa kumjua.

Hapakuwa na mwanamume. Palikuwa na zahanati.

"Unaenda hospitali?" alimuuliza Josiah.

"Saa hii hii."

"Nenda. Na ukimkuta mama wa mtoto, usimuulize kitu."

* * *

Gentrix aliendesha kupitia Nyamache kama mtu aliyeiba gari. Ogada alishika mlango na kupiga simu. Mtandao ulikuja kileleni na kupotea bondeni. Kileleni alimpata Ombui.

"Ni mama. Na nadhani ana virusi. Nadhani anatumia dawa."

"Kudhani hakunisaidii. Anatumia dawa gani? Tangu lini? Kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilisema nini? Kama damu yake imetulia, hatari ni ndogo sana na nachagua dawa isiyogusa figo, kipimo kidogo. Kama aliacha dawa, kama virusi vyake ni sugu, hayo ni mambo mengine kabisa. Nataka karatasi, Ogada."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na robo. Kijana hatoi mkojo tena."

Wakaingia bondeni, sauti ikakatika.

Birongo walifika saa tisa kasoro dakika kumi. Zahanati ilikuwa nyumba ndogo ya mabati nyuma ya maduka, yenye ua wa maua mekundu. Drusilla alikuwa kwenye benchi. Alikuwa ameketi wima vile vile, kibeti kwenye mapaja, kana kwamba aling'olewa Kisii na benchi lake na kupandwa hapa. Alipomwona Ogada hakujaribu kuondoka.

"Umerudi kutoka Kenyenya," alisema.

"Ulinituma mwenyewe."

"Uliuliza babake yuko wapi, nikakuambia. Sikudanganya."

"Hukudanganya. Vuta mkono wa sweta juu, mama."

Akauvuta. Kwenye kiwiko, ngozi ilikuwa na alama ya samawati, kubwa kama jani la mwembe.

"Mbona hapa?" Ogada aliuliza. Hakukaa.

"Nilikuja kuchukua karatasi yangu. Nimpelekee daktari, niweke chini ya mlango, nisiseme ni ya nani. Lakini mwenye funguo za mafaili, huyu Nyakerario, anazika shemeji leo huko Nyamira. Nimemngoja tangu saa tano. Simu yake haishiki." Sauti ilikuwa ya chini, kavu, ya mtu aliyemaliza kulia siku nyingi. "Jumatatu asubuhi walichota damu kwa mtoto. Mchana wakachota tena. Mara Anyona anakuja na chupa nne. Mtoto alikuwa mweupe kama ugali, afande. Nikamwambia Anyona, wewe ni mtoto wa ndugu yangu, usinimalizie huyu. Chukua kwangu. Hiyo damu yake, nani alimpatia kama si mimi?"

"Na ugonjwa wako?"

"Haionekani."

"Nini haionekani?"

"Virusi. Nesi wa hapa aliniambia. Mwaka wa tatu sasa, kila wakipima, haionekani. Nikamshukuru Mungu, nikajua imeisha." Alimtazama Ogada usoni kwa mara ya kwanza. "Kitu haionekani, afande, kinakuwa wapi?"

Ogada alimgeukia nesi wa zamu, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza yote.

"Faili la mama huyu."

"Chumba kimefungwa. Na hata kingekuwa wazi, siwezi kutoa faili kwa polisi. Sheria yenyewe mnaijua."

"Si polisi anayeomba. Ni mwenye faili."

Drusilla akasimama. "Ni langu. Naomba. Fungua."

"Mama, funguo ziko matangani."

Ogada alitazama kufuli, kisha Gentrix, na Gentrix alikuwa tayari anarudi kutoka garini na spana ya magurudumu. Nesi alifungua mdomo. Akatazama alama ya samawati kwenye mkono wa Drusilla, akaufunga, akasogea kando.

"Vunjeni taratibu," alisema. "Mlango ni mpya."

Kufuli lilikatika kwa pigo la tatu. Ndani mlikuwa na mafaili mamia, yamepangwa kwa nambari, si kwa majina, na Drusilla aliijua nambari yake kama mtu anavyojua jina la kwanza la mtoto. Nesi alipitisha kidole kwenye rafu. Akarudi mwanzo. Akapitisha tena.

"Halipo."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Halipo mahali pake."

Saa tisa na dakika kumi na mbili. Ogada alianza kutupa mafaili sakafuni moja moja. Drusilla alikuwa amepiga magoti, akisoma nambari kwa sauti, akiyatupa. Alisoma kama mtu aliyeacha shule darasa la sita, akifuata kila tarakimu kwa kidole. Gentrix ndiye aliyefungua droo ya meza.

"Hizi ni nini?"

"Ni wanaokuja wiki hii," nesi alisema, na hapo akajipiga paji la uso. "Leo ni Alhamisi. Nyakerario huwatoa mapema."

Lilikuwa la tatu kutoka juu. Nesi alifungua ukurasa wa mwisho, akasoma, akakaa kwenye kiti.

"Anatumia dawa miaka tisa, hajakosa siku hata moja. Kipimo cha mwisho, mwezi uliopita. Havionekani. Dawa zenyewe hizi hapa."

Gentrix alipiga picha kurasa nne. Kisha akatoka mbio, akapita maduka, akapanda kilima cha shule kutafuta mtandao, kofia imeanguka nyuma yake matopeni. Ogada alimtazama akisimama juu, mkono umeinuliwa angani, simu kwenye ncha ya vidole. Muda ukapita. Ukapita mwingine. Kisha mkono ukashuka, na Gentrix akawapungia.

* * *

Waliketi benchini, yeye na Drusilla, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kufanya. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro robo. Ndani, nesi alikuwa anarudisha mafaili kwenye rafu.

"Anyona atafungwa?" Drusilla aliuliza.

"Ataandika taarifa. Na wewe utaandika. Mengine si yangu."

"Mimi nitaandika. Yeye ni mtoto, nilimlazimisha. Josiah ulimwambia?"

"Sikumwambia. Lakini ataambiwa, mama, na atapimwa. Ana mke. Ana msichana."

"Najua. Miaka tisa nafungua mdomo, sauti haitoki."

"Alidhani una mwanamume huku."

Drusilla alitoa sauti ambayo pengine ilikuwa kicheko. Alilitazama benchi, ua wa maua mekundu, paa la mabati.

"Huyu ndiye mwanamume wangu," alisema. "Mwambie nilimpenda sana."

Simu ya Ogada ikalia. Mtandao ulikuwa umeteremka wenyewe mpaka pale chini, kijiti kimoja. Alikuwa Apiyo, na nyuma yake mashine zilikuwa zinalia pi, pi, pi.

"Afande, daktari anasema dawa imeingia. Kwa mrija. Saa kumi kasoro dakika nane, ameniambia niandike na dakika. Sasa anamrudisha chumba cha upasuaji amwoshe tumbo, autoe utumbo nje mpaka apone. Anasema hajui. Anasema usiku huu ndio utasema."

"Figo?"

"Matone. Lakini ni matone mapya." Apiyo alishusha sauti. "Afande, ameamka. Anasukumwa sasa hivi, nimeshika simu karibu na kitanda. Anaita babake, hataki kuingia bila babake. Kuna mzee amefika hapa kutoka Kenyenya, nimemleta, lakini kijana anamtazama tu na kuendelea kuita. Sijui nifanye nini. Babake mmempata?"

"Tumempata," Ogada alisema. "Weka simu sikioni mwake."

Akampa Drusilla.